Ng'ambo na Karatasi za Kabila

Anayetoka Forodhani kwa miguu leo, akakata vichochoro vya Mkunazini mpaka akatokea Darajani, hana maji ya kuvuka. Mbele yake ipo barabara pana, zipo daladala, wapo wachuuzi wa nguo na viatu, na lipo soko la mwaka 1904 ambalo zamani lilijulikana kwa jina la Estella. Lakini maji yalikuwapo. Mkono wa bahari ulikuwa ukiingia kutoka upande wa Funguni na kukata nyuma ya mji, na siku za bamvua ulikaribia kuugeuza Mji Mkongwe kuwa kisiwa. Aliyetaka kwenda upande wa pili alipita darajani au alipanda kidau. Upande huo wa pili ndio ulioitwa Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jina likabaki.

Waingereza waliotawala Unguja tangu 1890 walipenda kuueleza mji huu kwa mstari huo wa maji. Huku mawe na chokaa, Waarabu na Wahindi. Kule udongo, fito na makuti, Waafrika. Maelezo hayo yanasomeka vizuri kwenye ramani, ila hayakuwa kweli hata siku yalipoandikwa. Ndani ya nyumba za mawe za Shangani na Malindi walilala watumwa, wapishi na wachukuzi. Na huko Kikwajuni, Mchangani na Vikokotoni walikaa Waarabu masikini, wenye maduka wa Kihindi, Wangazija wasomi, na watu ambao babu zao walizaliwa kisiwani kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kuonekana. Nalitaja hili mapema kwa sababu habari yote ya Ng'ambo ni habari ya mistari iliyochorwa na watu waliokaa mbali, na namna wenyeji walivyolazimika kuishi kwa kuifuata, kuikwepa, au kuigeuza iwafae.

Zitazameni hesabu mbili. Katika sensa ya 1924, watu wapatao 34,000 wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa ni Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, walioandikwa hivyo walikuwa 2,000 na ushei. Miaka saba tu. Hapakuwa na tauni iliyowachagua Waswahili ikawaacha wengine, wala hapakuwa na jahazi lililowapakia likaondoka nao. Walikuwamo majumbani mwao, Mwembetanga na Kisiwandui, wakipika, wakioza watoto, wakizika. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani alipouliza kabila. Katika miaka hiyohiyo Waarabu walipanda kutoka chini ya 19,000 hadi zaidi ya 33,000. Ni kweli Wamanga walikuwa wakiingia na majahazi ya kaskazi kutoka Oman, na Washihiri kutoka Hadhramaut, lakini hakuna msimu wa kaskazi ulioleta watu wengi kiasi hicho. Washirazi nao waliongezeka kwa maelfu.

Wako wanaozisoma hesabu hizi na kusema kwamba watu wa Ng'ambo walidanganya. Mimi nasema ni lazima kwanza tujue swali lenyewe lilikuwa na uzito gani kwa aliyeulizwa.

Wengi wa waliokaa Ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Karafuu ndiyo iliyowaleta. Katika karne ya 19 mashamba ya Unguja na Pemba yalimeza watu kutoka Uyao, Nyasa, Umanyema, Uzaramo, Uzigua na kwingineko. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa, na soko la Mkunazini likafungwa. Kanisa kuu la Waanglikana likajengwa papo hapo. Utumwa wenyewe, hata hivyo, uliendelea. Amri ya kuuondoa ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, nayo ilikuwa amri ya kigugumizi: mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe mahakamani kuomba, aeleze atakaa wapi na atakula nini. Bwana wake alilipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa kabisa, wakasubiri hadi 1909.

Aliyepata hati yake alikuwa na njia mbili. Abaki shambani kwa makubaliano na bwana wa zamani, au ashike njia ya mjini. Waliokuja mjini walijenga Ng'ambo.

Walikuja na majina waliyobandikwa. Pwani ilikuwa na ngazi zake: mjinga, yaani mtumwa aliyeletwa karibuni na hajui lugha wala desturi, mzalia, aliyezaliwa hapa hapa katika utumwa, na juu yao mwungwana, ambaye hakuwa mali ya mtu. Ngazi hizo zilionekana mwilini kabla mtu hajafungua kinywa. Mwanamke mtumwa alivaa kaniki au merikani, kitambaa kigumu cha bei nafuu, akakifunga chini ya makwapa na kuacha mabega wazi. Kichwa hakukifunika. Viatu havikuwa vyake. Basi mtu asishangae kwamba jambo la kwanza ambalo wanawake wa Ng'ambo walilifanya na uhuru wao lilikuwa kununua kanga. Jozi moja, kipande kiunoni, kipande kichwani. Baadaye wakavaa buibui, vazi lililokuwa la mabibi wa nyumba kubwa. Wazungu waliandika kwamba hao walikuwa wakiiga Waarabu. Hawakuona kwamba mtu aliyekatazwa kufunika kichwa chake, siku anapokifunika anajua anachofanya.

Na kama walivyobadili nguo ndivyo walivyobadili jina. Mtoto wa mama Myao na baba Mmanyema, aliyezaliwa Ng'ambo, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kingazija, asiyejua neno la Kiyao, alijiita Mswahili. Hakukosea. Lugha yake ilikuwa hiyo, dini yake ilikuwa ya mji, na kwao kulikuwa hapo. Ndiyo maana mwaka 1924 Waswahili walikuwa wengi hivyo. Lakini kadiri watu waliotoka utumwani walivyolichukua jina hilo, ndivyo wengine walivyoanza kulikimbia, na serikali nayo ikawa inalitumia kana kwamba maana yake ni mtu asiye na asili. Kumwita mtu Mswahili ikawa ni kumwambia: wewe babu yako hajulikani. Ilipofika 1931, hata wao wenyewe waliliacha. Wakaenda kwenye majina ya wenyeji wa visiwani, Ushirazi, Uhadimu, Utumbatu, na walioweza wakaenda kwenye Uarabu.

Washirazi ni nani? Wenyewe wanasimulia juu ya mfalme wa Shiraz na wanawe waliopanda majahazi saba, kila mmoja akashuka mahali pake pwani hii. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, na watu wa kusini wanauonyesha kama shahada yao. Makunduchi wanaadhimisha Mwaka Kogwa kila mwaka, kwa kalenda ya jua ya Waajemi. Wanahistoria wengi wa karne iliyopita waliiona hadithi ya Shiraz kuwa ni hekaya ya kujipamba. Kisha mwaka 2023 watafiti wa chembe za urithi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya wafu wa miji ya kale ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa na mingine, wakaeleza kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na kwamba wazawa wao ndio waliozikwa katika miji hiyo. Watu wengi walifurahi, wakadhani kesi imekwisha. Mimi naona utafiti huo umethibitisha kwamba bibi zetu wa Kiafrika hawakuwahi kupewa nafasi yao katika hadithi ya majahazi saba. Mifupa ya Mtwapa haiwezi kutuambia kwa nini mtu wa Kisiwandui aliyejiita Myao mwaka 1910 alijiita Mshirazi mwaka 1931. Jambo hilo limo katika sheria, kodi, kazi na heshima.

Uarabu nao ulikuwa mlango wenye bawabu wa aina yake. Kwa desturi ya pwani na kwa sheria ya dini, mtoto anafuata ukoo wa baba, na mtoto wa suria ni huru kama ndugu zake. Sultani Barghash mwenyewe, aliyejenga Beit al-Ajaib na kuleta maji ya bomba mjini, alizaliwa na mama Mhabeshi. Hakuna aliyesema kwamba yeye ni nusu Mwarabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyevuna pembe na watu hadi Kongo ya Mashariki, alikuwa mtu mweusi, na nyumba yake ingali imesimama Shangani. Wazungu waliokutana naye walishangazwa na weusi wake, kwa kuwa walikuja na kipimo chao cha rangi mfukoni. Kwa watu wa Unguja hapakuwa na la kushangaza: alikuwa Mwarabu kwa baba yake. Serikali ya kikoloni ilichukua jina lililokuwa la ukoo na nasaba ikalifanya la rangi. Hapo ndipo ulipoingia ugonjwa.

Siti binti Saad ni mfano ambao siwezi kuupita haraka. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, wote wawili watu wa utumwani. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, hakulificha. Mama yake alikuwa mfinyanzi na binti akawa akivibeba vyungu kuviuza mjini, akinadi kwa sauti ambayo watu walitoka nje kuisikiliza. Karibu na 1911 akahamia Ng'ambo, akajifunza kuimba na kusoma, akaungana na Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Usiku aliwaimbia wakubwa majumbani mwao, na nyumbani kwake Ng'ambo aliimba habari za mahakama, za mahakimu, za wanawake wanaodhulumiwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikasikika pwani nzima na bara. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Waliomwonea wivu walimsimanga kwa vyungu vyake na kwa asili yake, na bado hakuna mtu wa zama zile ambaye sauti yake imebaki kama ya kwake. Sasa karani na aje na karatasi yake: amwandike nini? Mnyamwezi, wakati hajapata kuiona Tabora? Mzigua? Mswahili? Mshirazi? Kila jibu lingekuwa na chembe ya ukweli, na hakuna hata moja ambalo lingemtosha.

Mwaka huohuo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, lakini kiwanja kilidaiwa kuwa cha mtu mwingine, na kodi ilikuwa ikipanda. Waligoma pamoja, Wamanyema na Wangazija, wenye hati za uhuru na waliokwisha kuzisahau. Kodi haikuuliza kabila.

Serikali ndiyo iliyouliza. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, viti vya wasio maofisa viligawanywa kwa mataifa: Waarabu, Wahindi, Mzungu. Mwafrika wa kwanza aliteuliwa mwaka 1946, miaka 20 baadaye, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa wengi kuliko wote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula nao ulifuata kabila, ukatenga wanaostahili mchele na wanaotosheka na unga. Fikirini nyumba mbili za Mchangani zinazopakana ukuta, watoto wanacheza pamoja, na jioni chungu kimoja kina wali na cha pili kina ugali kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye kadi. Kuanzia hapo kabila halikuwa tena la hadithi za wazee. Lilikuwa la tumbo. Vyama navyo vilikuwa vimekwisha undwa kwa mfano huohuo: Jumuiya ya Waafrika mwaka 1934, Jumuiya ya Washirazi mwaka 1939, na za Waarabu, Wahindi na Wangazija kila moja na mlango wake. Aliyetaka kusikilizwa ilimpasa aje na kabila.

Siasa za uhuru zilikuta uzio huo umekwisha jengwa. Na hata hivyo mambo hayakukaa sawa na majina. Chama cha Hizbu, ambacho wapinzani wake walikiita chama cha Waarabu, kilianzia kwa wakulima wa Kiembe Samaki, watu weusi wa vijijini waliopambana na serikali mwaka 1951 katika vile viitwavyo Vita vya Ng'ombe. Chama cha Afro-Shirazi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1957, jina lake lenyewe lilikuwa kamba iliyofunga makundi mawili yasiyoaminiana, watu wa asili ya bara na wenyeji wa visiwani, na baada ya miaka miwili kamba hiyo ilikatika, baadhi ya Washirazi wakajitoa na kuunda chama chao, ZPPP.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Jimbo la Ng'ambo lilishindaniwa na Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, na Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa Hizbu. Kabla ya kura, Karume aliwekewa pingamizi: ikadaiwa kuwa hakuzaliwa Zanzibar, kwa hiyo si raia wa Sultani. Shauri likafika mahakamani, na uamuzi ukatoka kwamba amezaliwa hapa. Karume akashinda kwa kura nyingi. Naliona shauri lile kuwa zito kuliko matokeo ya kura, kwa kuwa mahakama iliulizwa swali lilelile la karani wa sensa, na kila mtu wa Ng'ambo alijua kwamba anayehukumiwa ni yeye. Kama Karume, baharia aliyekulia hapa, anaweza kuambiwa ni mgeni, nani atasalimika?

Woga huo ulikuwa na upande wa pili. Magazeti ya vyama yalijaa matusi, huku watu wakiitwa wageni kwa sababu babu zao walitoka bara, kule wengine wakiitwa wageni kwa sababu babu zao walitoka Oman. Siku ya uchaguzi wa Juni 1961 fujo zilizuka zikaenea mashambani, watu 68 wakauawa, wengi wao Wamanga, wale wenye viduka vya vijijini ambao hawakuwa na shamba wala cheo. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, serikali ikapinduliwa. Mapinduzi yaliondoa utawala ambao haukuwa umewatendea haki walio wengi, na hilo nalisema bila kusita. Vilevile watu waliuawa, wakafukuzwa, wakanyang'anywa, kwa sababu ya jina la kabila, na wengi wao mama na bibi zao walikuwa watu wa hapa hapa. Aliyejiandika Mwarabu mwaka 1931 ili apate heshima, mjukuu wake mwaka 1964 jina hilo lilimfuata mlangoni. Kila ninapofika kwenye sentensi hii nashindwa kuendelea kwa utulivu. Neno moja katika karatasi ya karani liliweza kumpa babu kiti na kumtoa mjukuu uhai, na katika pande zote mbili waliolitumia waliamini kwamba linasema kweli juu ya damu.

Serikali mpya ilijaribu kuyafuta majina hayo. Viti vya kikabila vilikwisha. Ardhi ilitaifishwa, kodi ya kiwanja iliyowagomesha watu mwaka 1928 ikawa historia. Mitaa ya katikati ya Ng'ambo ilibomolewa, na kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki yakasimama majumba ya Michenzani, yale marefu ambayo hayakuuliza mpangaji ukoo wake. Mzee Karume, ambaye sasa alikuwa rais, alikataza watu kujiita Washirazi, ingawa chama chake kiliendelea kubeba jina hilo mpaka kilipoungana na TANU, chama cha Bara, tarehe 5 Februari 1977. Na bado mwaka 1970 wasichana wanne wa familia zenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi, na ikaelezwa kwamba ndiyo njia ya kuchanganya makabila. Hao mabinti walichaguliwa kwa kabila lao. Walitendewa kwa jina la usawa jambo ambalo masuria wa karne ya 19 walitendewa kwa jina la umiliki, na hakuna hoja ya usawa inayoweza kulisafisha.

Sensa ya Tanzania ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Naikubali hatua hiyo kwa moyo wote, maana nimeona swali hilo linazaa nini. Lakini kutoliuliza hakujalifuta. Tangu 2005 mkaazi wa Zanzibar ana kitambulisho chake cha Mzanzibari, na bila hicho hapigi kura ya Zanzibar. Fomu haina nafasi ya kabila. Ina mahali pa kuzaliwa na muda wa kukaa, na sheha, mkuu wa mtaa anayewakilisha serikali, ndiye anayethibitisha kwamba anakutambua. Ukikaa barazani Kikwajuni au Jang'ombe wakati wa kuandikisha wapiga kura, utasikia majina mengine yakifanya kazi ya yale ya zamani: huyu mtu wa bara, yule Mpemba, hawa wamekuja juzi. Mwenye kusema hivyo mara nyingi ni mjukuu wa Myao aliyekuwa Mswahili mwaka 1924 na Mshirazi mwaka 1931. Anayeambiwa ni kijana kutoka Tanga au Mtwara, ambaye kwao huenda ni kijiji kilekile alikotekwa babu wa msemaji. Anasubiri zamu yake mbele ya meza ya sheha, bahasha ya cheti cha kuzaliwa mkononi.

Kwa sheha huyo ningekuwa na ombi moja. Atakapomtazama kijana yule, asiangalie uso wake wala lafudhi yake. Amuulize analala nyumba gani, jirani zake ni nani, ameshiriki maziko ya nani mtaani. Hayo ndiyo mambo ambayo watu wa Ng'ambo walijuana kwayo, katika miaka yote ile ambayo makarani walikuwa wakiwaandika vingine.